Kiokoa Betri cha Android katika mazingira ya Tanga

Kipengele ninachokitathmini hapa hakinunuliwi peke yake, kwa kuwa kimo tayari ndani ya karibu kila simu ya Android inayouzwa katika maduka ya Ngamiani, kuanzia ile ya bei ya chini kabisa hadi ile ambayo mnunuzi huiwekea akiba kwa miezi kadhaa. Kinaitwa Kiokoa Betri, huwashwa kwa kutelezesha kidole kutoka juu ya skrini na kugusa alama ya betri, na watu wengi wa mji huu hukikumbuka pale tu simu inapoonya kwamba chaji imebaki kidogo. Nimekitumia kwa muda mrefu katika simu mbili za bei tofauti, moja yenye skrini ya LCD na nyingine yenye skrini ya OLED, katika shughuli za kawaida za Tanga: sokoni Deep Sea kwenye jua, ofisini Chumbageni, ndani ya basi la Pangani, na nyumbani chini ya bati. Maoni yangu ni kwamba kinafanya kwa uaminifu kile kilichoundwa kufanya, nacho kinastahili kuwashwa mapema zaidi kuliko ilivyo desturi yetu. Lakini mahali ambapo mtandao ni dhaifu, mlaji mkuu wa chaji ni redio ya simu, yaani sehemu inayowasiliana na mnara, na huko Kiokoa Betri hupunguza mara ambazo redio inaamshwa bila kupunguza gharama ya kila kuamshwa. Hapo ndipo ilipo sababu ya mtu mmoja kukisifu na jirani yake, mwenye simu ya aina ileile, kusema kuwa hakimsaidii kitu.

Google ilikileta Kiokoa Betri katika Android 5.0 mwaka 2014. Mwaka uliofuata Android 6.0 ikaja na Doze, utaratibu unaojiendesha wenyewe: simu ikiwa haijachomekwa kwenye umeme, imetulia mahali pamoja na skrini yake imezimwa, mfumo huzinyima programu mtandao na kuzikusanyia kazi zao katika vipindi vifupi vilivyoachana. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaupanua utaratibu huo, kwa namna nyepesi zaidi, hadi kwa simu iliyo mfukoni mwa mtu anayetembea, na mwaka 2018 Android 9 ikaanza kuzipanga programu katika makundi kulingana na jinsi mwenye simu anavyozitumia, ili ile iliyosahauliwa kwa wiki nyingi isipewe nafasi sawa na ile inayofunguliwa kila saa. Ninayataja haya kwa sababu simu yako tayari inaokoa chaji hata usipogusa chochote, na Kiokoa Betri ni mkono unaokaza zaidi juu ya utaratibu huo. Kikiwashwa, programu zisizo mbele ya skrini hukatiwa mtandao, huduma ya mahali inaweza kusimama mara skrini inapozimwa, baadhi ya madoido ya skrini huondolewa, na tangu Android 10 ya mwaka 2019 mandhari meusi huwashwa pamoja nacho. Katika simu nyingi kasi ya prosesa nayo hupunguzwa.

Hili la prosesa lina faida kubwa kuliko linavyodhaniwa. Prosesa inayokwenda polepole huhitaji volteji ndogo, na nguvu inayotumika hupungua kwa mraba wa volteji hiyo, kwa hiyo punguzo dogo la kasi huleta punguzo kubwa la matumizi. Punguzo hilo ni punguzo la joto pia, na katika miezi ya kaskazi, wakati hewa ya Tanga inapofika nyuzi 32 au 33 hata kivulini, joto si jambo la kupuuzwa. Betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, huchakaa kwa haraka zikiwa na joto, na huchakaa zaidi zikiwa na joto huku zimejaa chaji. Dereva wa bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani, ikionyesha ramani juani huku ikichajiwa kutoka kwenye pikipiki, anaiweka betri yake katika hali mbaya kuliko zote kwa pamoja. Kwa mtu huyo ningependekeza Kiokoa Betri kiwe kimewashwa muda wote wa kazi za mchana, hata chaji ikiwa imejaa, kwa kuwa anachokiokoa ni uhai wa betri wa mwaka mzima, mbali na chaji ya siku hiyo.

Kuhusu skrini, ni lazima kutofautisha simu na simu. Mandhari meusi husaidia katika skrini ya OLED, ambamo kila nukta hujiwakia yenyewe na nukta nyeusi haitumii umeme wa kuwaka. Katika skrini ya LCD taa ya nyuma huwaka kwa nguvu ileile iwe picha ni nyeupe au nyeusi, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa ni za aina hiyo, kwa hiyo mwenye nayo asitarajie nafuu yoyote kutoka kwenye weusi wa skrini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walionyesha mwaka 2021 kwamba hata kwa OLED nafuu hutegemea mwangaza: skrini ikiwa kwenye asilimia 30 hadi 50 ya mwangaza wake, kuhama kutoka mandhari meupe kwenda meusi kuliokoa kwa wastani asilimia 3 hadi 9 tu ya umeme, lakini mwangaza ukiwa kwenye asilimia 100 kuliokoa kati ya asilimia 39 na 47.

Takwimu hizo zilinifanya niitazame upya siku ya kawaida ya mtu wa pwani. Mkaazi wa mji wa baridi na mawingu, anayeshinda ndani ya ofisi, hupata kidogo kutoka kwenye mandhari meusi. Mchuuzi wa samaki anayesimama Deep Sea saa nne asubuhi, jua likimulika maji na sakafu ya soko, hana budi kuupandisha mwangaza hadi mwisho ili aone namba ya mteja, na kwa hiyo yeye ndiye hasa anayenufaika, ilimradi simu yake iwe ya OLED. Kasoro niliyoiona ni kwamba Kiokoa Betri katika moja ya simu nilizotumia hushusha mwangaza kwa lazima, na juani hilo humlazimu mtu kuupandisha tena kwa mkono kila anapofungua skrini. Mwangaza unaojirekebisha wenyewe, ambao upo katika mipangilio ya skrini, unaifanya kazi hiyo kwa busara zaidi: hupanda juani na kushuka mara unapoingia dukani.

Sasa nije kwenye redio, ambako ndiko nilikotumia muda mwingi. Simu inapotuma ujumbe mfupi wa WhatsApp, kazi yenyewe ya kutuma humalizika mara moja, lakini redio hairudi usingizini papo hapo. Mnara huiamuru ibaki macho kwa sekunde kadhaa, kwa tumaini kwamba kuna data nyingine inayofuata, na muda huo wa kungoja, ambao huitwa mkia, hula chaji bila kubeba chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mtandao wa 4G nchini Marekani ulikuta kwamba mkia huo ulizidi sekunde 11. Kwa hiyo programu inayouliza kila baada ya dakika chache kama kuna jipya, hata ikiwa inapokea baiti chache tu, huilazimu redio kukaa macho sehemu kubwa ya siku, ilhali mtu aliyepakua faili kubwa kwa mkupuo mmoja anaweza kuwa ametumia chaji kidogo kuliko programu hiyo. Hapa Kiokoa Betri kina nguvu za kweli. Kwa kuzikatia mtandao programu za nyuma, huondoa mikia mingi isiyo na faida, na nimeona wazi kwamba simu yenye makundi mengi ya WhatsApp, programu za habari, na mitandao ya kijamii ndiyo inayobadilika zaidi kinapowashwa. Simu ya mzee ambayo haina kitu zaidi ya kupiga na kupokea haibadiliki sana, kwa sababu hakukuwa na mikia ya kukatwa.

Lakini gharama ya kila kuamshwa huamuliwa na umbali wa mnara na vizuizi vilivyo katikati, na hilo Kiokoa Betri hakiligusi. Ukifungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utakuta nguvu ya mawimbi ikiandikwa kwa kipimo cha dBm, ambacho ni namba hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo imara. Nyumbani kwangu, nikiwa barazani, namba hiyo hucheza karibu na -90. Nikiingia chumba cha ndani, chini ya bati na nyuma ya kuta mbili za matofali, hushuka hadi karibu na -110. Tofauti ya 20 katika kipimo hicho haina maana ya asilimia 20. Kila hatua ya 10 ni mara 10, kwa hiyo mawimbi yanayofika chumbani ni dhaifu mara 100 kuliko yale ya barazani. Simu hulifidia pengo hilo kwa kupaza sauti yake: huongeza nguvu ya kutuma hadi ifike kikomo, ambacho kwa 4G huwa kama wati 0.2, na kwa 2G ya masafa ya 900 MHz kinaweza kufika wati 2 katika kila mpigo. Mtandao dhaifu hushusha pia kasi na kulazimisha data irudiwe kutumwa, kwa hiyo redio hupaza sauti na huipaza kwa muda mrefu zaidi. Picha ileile, inayotumwa na simu ileile kwa bando lilelile, ina bei moja barazani na bei nyingine chumbani.

Bati linastahili kutajwa kwa jina lake. Karatasi ya chuma huyarudisha mawimbi ya redio, na nyumba nyingi za Makorora, Mabawa na Ngamiani zimeezekwa kwa bati, kwa hiyo mawimbi huingia kwa madirisha na milango pekee. Kuta nene za majengo ya zamani ya karibu na bandari hufanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine. Kuiweka simu dirishani badala ya kuiacha juu ya meza katikati ya chumba ni hatua isiyo na gharama yoyote, na katika nyumba ya namna hiyo nimeona inasaidia kuliko kuwasha Kiokoa Betri peke yake.

Jambo la pili ambalo mwongozo wa simu hauligusi ni laini mbili. Watanzania wengi hutembea na laini mbili ndani ya simu moja, moja kwa ajili ya bando na nyingine kwa ajili ya pesa au ndugu walio mtandao mwingine, na simu zetu nyingi huzihudumia laini hizo kwa redio moja inayogawana zamu. Kila laini lazima ijiandikishe kwenye mnara wake, na kila moja lazima iamke kwa zamu yake, takriban kila sekunde moja au mbili, kusikiliza kama kuna anayeita. Laini zote mbili zikiwa na mtandao imara, nyongeza hiyo ni ndogo. Tatizo huanza pale laini moja inapokuwa imara na nyingine haina mnara wa karibu: ile imara hukaa kimya, na ile dhaifu huhangaika kutafuta, kushika, kupoteza na kutafuta tena, ikiichosha betri bila mwenye simu kujua, kwa sababu juu ya skrini anaiona mistari minne ya mtandao ya ile laini anayoitumia. Nimeliona hili katika barabara ya Pangani, ambako laini moja hushika vizuri karibu njia nzima na nyingine hukatika vijiji kwa vijiji. Kiokoa Betri kilikuwa kimewashwa safari nzima, nacho hakikuleta tofauti niliyoweza kuiona. Nilipozima laini dhaifu katika mipangilio ya SIM, bila kuitoa, chaji ilitulia.

Kwa upande wa huduma za pesa, ambao ndio unaowahofisha wengi, nina habari njema ambayo ningependa isambae. Mama mmoja mwenye kibanda cha uwakala Ngamiani aliniona nikiwasha Kiokoa Betri wakati umeme umekatika, akaniuliza:

"Mwanangu, ukiwasha hicho, meseji za miamala hazitachelewa? Mimi mteja hawezi kuondoka kabla meseji haijaingia."

"Hazichelewi, mama," nilimjibu. "Zile haziji kwa bando. Zinapita njia ileile ya simu ya kupigiwa."

Hakuridhika kwa maneno. Alichukua simu yake ya kazi, iliyopasuka kona moja na kufungwa kwa mpira wa mkono, akawasha Kiokoa Betri, akazima skrini, kisha akamtuma kijana wake atume shilingi elfu moja kutoka simu nyingine. Meseji iliingia kabla kijana hajaiweka simu chini. Menyu ya pesa inayofunguliwa kwa nyota na reli, na meseji za kawaida za kuthibitisha muamala, husafiri kwenye njia za udhibiti wa mtandao na hazitegemei data, kwa hiyo Kiokoa Betri hakizigusi. Wakala anayefanya kazi kwa menyu hiyo anaweza kukiwasha kutwa nzima na hata kuzima data kabisa, na simu yake itadumu muda mrefu sana.

Hali ni tofauti kwa anayetegemea programu. Ujumbe wa WhatsApp hupewa kipaumbele na mara nyingi hupenya, lakini barua pepe, programu za benki, na programu nyingi za kupokea oda zinaweza kukaa kimya hadi uzifungue, na mtu anayeuza kwa njia hiyo anaweza kumpoteza mteja bila kujua kwamba aliulizwa. Tiba ipo, nayo ni kufungua maelezo ya programu husika, kwenda kwenye sehemu ya betri, na kuiruhusu itumie betri bila vizuizi. Ninasisitiza kuwa ruhusa hiyo itolewe kwa programu moja au mbili tu zinazoleta riziki, kwa sababu nimeona simu ambazo kila programu imepewa, na katika simu hizo Kiokoa Betri kimebaki alama tu juu ya skrini. Baadhi ya watengenezaji huongeza vizuizi vyao wenyewe juu ya vile vya Android na kuzifunga programu za nyuma bila taarifa, jambo ambalo huwachanganya wateja na kuwafanya walilaumu bando.

Wavuvi wanahitaji ushauri wa peke yao. Chombo kinapotoka kwenda mbali na minara, simu hupita kwanza katika ukanda ambao mtandao unashikika kwa taabu, na ukanda huo ndio mbaya zaidi kwa betri, kwa kuwa simu hutuma kwa nguvu zote na kujiandikisha upya mara kwa mara. Kuwasha hali ya ndegeni hukata gharama hiyo yote kwa mguso mmoja. GPS haitumi chochote, husikiliza tu setilaiti, kwa hiyo katika simu nyingi za sasa huendelea kufanya kazi hata katika hali ya ndegeni, na nahodha anayefuata alama za mahali pa kuvulia hatazipoteza. Hapohapo Kiokoa Betri kinaweza kumwangusha: kwa kuwa huweza kusimamisha huduma ya mahali skrini inapozimwa, njia iliyorekodiwa usiku inaweza kuonekana asubuhi ikiwa na mapengo. Kwa baharini, basi, ningeweka hali ya ndegeni na kuacha Kiokoa Betri kimezimwa, pamoja na kuirudisha simu mtandaoni kila baada ya muda mliokubaliana na watu wa nchi kavu, kwa sababu chaji iliyobaki ina thamani iwapo tu msaada unaweza kuitwa.

Penye Wi-Fi, itumiwe. Redio yake hufanya kazi kwa umbali wa mita chache, na simu hulala kati ya ishara moja na nyingine za ruta, ambazo kwa kawaida hutolewa kila baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kinyume chake ni mtandaopepe, yaani kuifanya simu yako iwe ruta ya wenzako: redio mbili hukesha kwa pamoja, na hakuna kiokozi kitakachoifuta gharama hiyo.

Kuna pia desturi ya kuzifunga programu zote moja baada ya nyingine kwa kuzitupa juu ya skrini, na ile ya kupakua programu zinazoahidi kusafisha na kupoza simu. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiiongoza Android huko Google, alisema mwaka 2016 kwamba kuzifunga programu kwa namna hiyo hakuisaidii betri na kunaweza hata kuidhuru kidogo. Sababu yake ni rahisi kuelewa: programu iliyofungwa kabisa lazima ijengwe upya kutoka mwanzo unapoirudia, na kazi hiyo hutumia prosesa kuliko kuiamsha iliyolala. Programu za kusafisha nyingi hubeba matangazo, ambayo ni mikia mingine ya redio. Kwa haya mawili, Kiokoa Betri kilichomo ndani ya simu ni bora kwa kila hali, na sioni sababu ya mtu kuweka kingine.

Upande wa minara nao una mchango, ingawa mtumiaji hawezi kuubonyeza. Sehemu kubwa kuliko zote ya umeme wa kampuni za simu hutumiwa na minara. Mnara wa 4G hutoa ishara za rejea, ambazo simu huzitumia kuupima mtandao, kila milisekunde moja hata saa nane usiku wakati hakuna anayezungumza, na ndiyo maana kampuni huzima baadhi ya masafa usiku ili kupunguza mzigo. 5G iliundwa ikiwa na nafasi kubwa zaidi ya kulala, kwa kuwa ishara zake za msingi za kujitambulisha kwa kawaida hutoka kila milisekunde 20 na zinaweza kuachanishwa hadi 160. Kwa mwenye simu wa Tanga, hata hivyo, kinachobadilisha maisha ya betri ni umbali. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, na kwa kawaida habari kama hiyo huelezwa kwa lugha ya kupata mtandao. Ni habari ya chaji pia: mnara ukisogea, kila simu iliyo kijijini hapo hushusha sauti yake, na mwenye simu aliyekuwa akilipa kuchajiwa dukani kila siku anaweza kuanza kupeleka kwa kuruka siku.

Niseme pia kuhusu fedha, kwa kuwa neno kuokoa huwapeleka watu kwenye bili ya umeme. Betri ya 5000 mAh hubeba kama wati-saa 19, na ukijumlisha upotevu wa chaja, unit moja ya LUKU inatosha kuichaji simu hiyo karibu mara 40. Kwa mwenye umeme nyumbani, faida ya Kiokoa Betri haiko kwenye LUKU. Iko kwenye kudumu kwa betri, kwa maana kila mzunguko wa kuchaji huipunguzia uwezo kidogo. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unazitaka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Anayechaji mara mbili kwa siku huifikia mizunguko hiyo katika muda unaozidi mwaka mmoja kidogo, na anayechaji mara moja hupata zaidi ya miaka miwili. Betri mpya ya kuaminika, pamoja na kazi ya fundi, si fedha ndogo kwa mchuuzi.

Kwa ujumla wa matumizi yangu, ninakipendekeza Kiokoa Betri kwa kila mwenye simu ya Android hapa Tanga, tena kiwekwe kijiwashe mapema, chaji ikiwa bado nusu, jambo ambalo mipangilio yake inaruhusu. Ninachowaomba Google na watengenezaji ni kimoja. Simu tayari inajua ni laini ipi inayohangaika, imehangaika kwa muda gani, na inatuma kwa nguvu kiasi gani. Katika ukurasa wa matumizi ya betri, hata hivyo, yote hayo hufichwa chini ya maneno mawili yasiyoeleza kitu, "Mtandao wa simu". Kiokoa Betri kingetoa arifa moja, kwa Kiswahili cha kawaida, inayosema kuwa laini ya pili haina mtandao wa kutosha hapa na inamaliza chaji, pamoja na kitufe cha kuizima hadi mwenye simu atakapofika mahali pengine.